Sikio la Baba Mkwe

3 Machi

Mvua kubwa imeanza leo, na mimi nimeanza kuandika, kwa sababu moja tu: ndani ya nyumba hii hakuna mtu ninayeweza kumlalamikia. Mke wangu yuko mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, alikopata kazi ya uuguzi mwanzoni mwa mwaka. Binti yetu wa miaka saba amekwenda naye. Niliyebaki naye ni baba mkwe. Mtu anaweza kugombana na mama yake, na kaka yake, hata na bosi wake akijipanga vizuri. Lakini na baba mkwe hugombani. Unaamkia shikamoo, unalalia usiku mwema, na katikati yake unameza mate.

Uhamisho wangu umekubaliwa. Kampuni yetu ina ofisi huko huko aliko mke wangu, na meza yangu inanisubiri. Sharti ni moja: amplifaya, saketi yetu ya kukuza sauti, imalizike kwanza. Mkurugenzi kasema imebaki kidogo tu. Husema hivyo kila siku, ndiyo maana kazini tunamwita Kidogo Tu, naye anajua na hajali.

Baba mkwe amebaki kwa kuwa masikio yake yamekufa nusu, na sisi tunatengeneza kifaa cha kusikia. Mpango ni wa mke wangu. "Baba akae na wewe, akijaribie hicho kifaa, mkimaliza mje wote wawili." Kwenye simu mpango huu ulisikika mzuri sana. Mzee alikuwa mwalimu mkuu miaka mingi. Mpaka leo akikutazama unaanza kukagua vifungo vya shati lako.

4 Machi

Mvua. Chai. Mvua. Baba mkwe amesoma gazeti la wiki iliyopita kwa mara ya pili.

7 Machi

Chipu zimefika kutoka kiwandani, zimepangwa kwenye kisahani, ndogo kama ufuta. Kila moja ina amplifaya yetu ndani yake, ya teknolojia ya CMOS, ambayo inakula umeme kiduchu kiasi kwamba betri ya ukubwa wa kidonge inailisha wiki nzima.

Toleo la kwanza lilipiga mluzi. Amplifaya yenye papara hujijibu yenyewe: inakuza sauti, sehemu ya sauti hiyo inarudi mlangoni ikiwa imechelewa, inaikuza tena, mwisho inalia peke yake bila mtu kusema neno. Dawa yake ni kapasita, kijighala cha umeme cha kuituliza. Tuliongeza ukubwa wa kapasita hadi mluzi ukakoma kwenye kompyuta. Lakini kapasita inakula nafasi, na nafasi ndani ya chipu ni mali ya Dada Mikroni, mchoraji wetu, anayepanga kila transista, vile viswichi vidogo vya umeme, mahali pake. Huyo dada anagombania mikroni moja, sehemu ya elfu ya milimita, kama watu wanavyogombania mpaka wa shamba. Akasema kapasita ikikua, kitu kingine kitoke. Kikatoka kile kisehemu cha kuamsha, transista tatu ambazo kazi yake ni kuipa saketi teke la kwanza umeme unapoingia, kisha kukaa pembeni. Katika majaribio yote saketi iliamka bila teke. Yeye, mimi na Kidogo Tu tukakubaliana kwamba teke halina kazi.

Leo nimewasha chipu ya kwanza. Imetulia. Nikaingiza sauti, ikatoka safi na kubwa, bila mluzi hata kidogo. Dada Mikroni akanipiga kofi la mgongo lililonitoa machozi.

"Haya, kafunge mizigo," akasema.

Nimerudi nyumbani nikiimba kwenye mvua kama mlevi.

10 Machi

Fundi wa maabara amemvalisha baba mkwe kifaa. Betri hizi huvuta hewa: zina kibandiko kidogo juu, ukikibandua hewa inaingia na nguvu inaanza kupanda polepole. Fundi akamwonyesha. Bandua, subiri, ndipo uweke. Mzee akaitikia kwa kichwa kama anayesikiliza mwanafunzi akisoma kwa sauti.

Kisha akasikia. Nilikuwepo. Alitazama dirishani, akasema, "Kumbe mvua ya huku ina kelele hivi?" Halafu akageuka kwa fundi. "Na wewe una mafua." Maabara nzima ikacheka. Nilijisikia fahari, nakiri, fahari ya kijinga kabisa.

Kuna wazee wengine wanne wanaojaribu. Wao huja kila Jumatatu na fundi huwabadilishia betri. Baba mkwe anakaa na mimi, kwa hiyo mimi ndiye ninayemuuliza kila jioni, na jibu lake naliandika kwenye taarifa.

"Baba, leo unasikiaje?"

"Nasikia vizuri, mwanangu."

15 Machi

Anasikia vizuri. Mvua.

16 Machi

Anasikia vizuri. Mvua, na sasa dari inavuja juu ya kitanda changu. Nimehamisha kitanda. Imevuja kule nilikohamia.

18 Machi

Kila asubuhi tunafika mlangoni pamoja, mimi nikienda kazini, yeye akienda barazani.

"Tangulia, baba."

"Aa, tangulia wewe mwanangu, una haraka."

"Siwezi kukutangulia, baba."

"Basi twende."

Na hakuna anayekwenda. Leo tumesimama hapo hadi maji ya paa yakatulowesha wote wawili, kila mmoja akitabasamu kwa heshima.

Jioni binti yangu alipiga simu, nikaweka kipaza sauti. Akamuuliza babu yake, "Babu, mnakuja lini?" Babu akajibu, "Ndiyo, nimekula, nimeshiba." Mtoto akacheka hadi akapaliwa. Nami nikacheka. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa fujo, hata mimi nilikuwa nasikia neno moja kati ya mawili.

22 Machi

Tumeweka chipu kwenye mashine inayowasha na kuzima umeme kutwa nzima, na kila mara amplifaya imeamka. Dada Mikroni alisimama mbele ya kioo cha mashine akiwa amekunja mikono.

"Lile teke tulilolitoa," akasema, "halikuniuma. Lakini leo limenijia kichwani."

"Unaona inaamka."

"Naona."

Kidogo Tu akapita nyuma yetu na kikombe chake. "Jamani, mnatafuta ugonjwa kwenye mwili wenye afya? Imebaki kidogo tu." Wanunuzi wanakuja mwezi ujao kujionea. Wakiridhika, kiwanda kinaanza kutengeneza chipu kwa maelfu, na mimi napanda basi.

29 Machi

Nimechoka. Acha niseme, maana karatasi haina ukwe.

Leo nimemwambia mzee, "Baba, ndoo ya kukingia maji imejaa." Alikuwa ameketi pembeni ya hiyo ndoo, kanipa mgongo. Hakujibu. Nikarudia. Akafungua ukurasa wa pili wa gazeti. Maji yakamwagika hadi chini ya kabati, nikapiga deki mimi, yeye akainua miguu yote miwili ili nipite, na kunishukuru.

Si mara ya kwanza. Nikizungumza mbele yake anajibu. Nikizungumza nikiwa nyuma au pembeni, mimi ni ukuta. Nimeshapata jibu: anakizima. Anakaa nyumbani kwangu, anavaa kifaa nilichokihangaikia miaka miwili, na anakizima ili asinisikie. Bila shaka hiyo ndiyo dawa aliyoitumia kwa walimu wenye kero. Jioni nikamuuliza kwa sauti ya upole hadi nikajichukia.

"Unasikiaje, baba?"

"Nasikia vizuri, mwanangu."

Nimempigia mke wangu. Nikasema, "Baba yako ananidharau." Akasema, "Baba? Yeye akinipigia hana habari nyingine ila kukusifu." Hilo limenikera zaidi.

Siwezi kutoka hata kutembea jioni maana barabara ni mto. Siwezi kugomba. Siwezi kuhama maana kazi haijaisha. Nyumba nzima ina vyumba viwili na sebule, na kila nikigeuka kuna mtu wa kumwamkia.

2 Aprili

Mvua. Anasikia vizuri.

6 Aprili

Leo mvua imekatika ghafla mchana, na ukimya ulioingia ndani ya nyumba ulikuwa mzito hadi nikausikia masikioni. Nilikuwa chumbani. Nikasikia birika linalia jikoni, lile birika la kupiga mluzi, maji yamechemka. Nikangoja mzee alitoe, maana ndiye aliyeliweka na yuko palepale mezani. Likaendelea kulia. Halafu mluzi ukafifia, na harufu ikaja.

Nilipofika, birika lilikuwa limekauka, kitako chekundu, na kitambaa kilichokuwa kando ya jiko kimeshaanza kuungua pembeni. Mzee alikuwa anasoma, mgongo wake ukiwa hatua mbili kutoka motoni. Nilizima, nikamwaga maji, moshi ukatanda. Ndipo akageuka, akaruka kutoka kitini.

"Nilikuwa nawaza," akasema.

Nilikitoa kifaa sikioni mwake mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mkubwa yeyote. Hakikuwa kimezimwa. Kilikuwa kimya tu. Nikatoa betri, nikairudisha, na papo hapo kikaamka, nikasikia kijisauti chake.

"Kumbe kilizimika," mzee akasema haraka. "Nimekigusa vibaya. Mimi na vidole vyangu hivi."

Nilimwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini.

8 Aprili

Mvua imerudi. Nimenunua birika jipya.

13 Aprili

Nimeona kwa macho yangu.

Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi kidogo asubuhi. Alikuwa ameketi kitandani akibadilisha betri. Mikono yake inatetemeka zaidi kuliko nilivyodhani. Mezani huificha chini ya gazeti. Betri ni ndogo, inateleza, lakini kibandiko chake kina kijimkia, na mkia huo ndio anaoushika. Kwa hiyo habandui kwanza. Anaiingiza betri ikiwa na kibandiko chake, kisha anakibandua kwa ukucha ikiwa tayari ndani. Hakuna mtu maabara aliyewahi kufikiria kufanya hivyo. Sisi vidole vyetu havitetemeki.

Akakivaa. Akapiga kidole karibu na sikio. Akapiga tena. Akapiga kofi dogo. Kisha akaketi, mikono magotini, akitazama ukuta. Mwisho akachana nywele, akavaa koti, akatoka hadi sebuleni.

"Shikamoo, baba," nikasema nikiwa mbele yake.

Alitazama midomo yangu. "Marahaba, mwanangu. Leo nasikia vizuri sana." Na sikuwa nimemuuliza.

Nimekwenda maabara na chipu moja, nikaacha kuwasha umeme kwa swichi. Nikaupandisha polepole, kidogo kidogo, kama betri inayoanza kuvuta hewa. Nguvu ikafika juu kabisa, na amplifaya haikuamka. Nikarudia. Haikuamka. Nikazima, nikawasha kwa swichi, pa! Ikaamka.

Naeleza hapa ili nami nijielewe. Sehemu inayolisha amplifaya mkondo wake hujitegemea: transista huyu anamlisha yule, na yule anamlisha huyu. Wakishaanza, hawakomi. Lakini kama wote wawili hawana kitu, kila mmoja anamngojea mwenzake, na hesabu inaikubali hali hiyo pia. Sifuri nayo ni jibu sahihi. Umeme ukiingia kwa kishindo, kishindo chenyewe huwa teke. Ukiingia polepole, wanasimama mlangoni kama mimi na baba mkwe, tangulia wewe, hapana wewe, hadi betri iishe.

Dada Mikroni alipoona aliketi chini. "Ni lile teke nililolitoa," akasema. Nikamwambia tulilitoa wote.

Kidogo Tu alitusikiliza vizuri, lazima niseme hivyo. Akaona kwa macho. Kisha akasema, "Wazee watano, wanne hawana tatizo. Huyu mmoja anaweka betri vibaya. Mfundishe."

"Na wengine maelfu?"

"Tutaandika kwenye maelekezo. Bandua, subiri, weka." Akaniwekea mkono begani. "Kijana, una mke na mtoto wanakungoja. Imebaki kidogo tu."

Ubaya wa maneno hayo ni kwamba yana akili. Nimeyabeba nyumbani nayo yakanilalia kifuani.

16 Aprili

Nimejaribu kumfundisha. Tuliketi mezani, mvua juu. Akabandua kibandiko, na bila mkia wa kushika, betri ikamponyoka, ikabingirika chini ya kabati. Tukapiga magoti wote wawili, tukiisaka kwa mikono kwenye vumbi. Nikaipata mimi. Akajaribu tena. Ikamponyoka. Mara ya tatu aliifunika kwa kiganja mezani, asiinue mkono.

"Mwanangu, acha."

"Baba, kile kifaa asubuhi huwa hakiamki, siyo?"

Hakunitazama. Sikujua kama hakusikia au hakutaka.

"Wale wageni wakija," akasema, "kazi itakwisha, na sisi tutaondoka. Mimi nasikia vizuri. Mjukuu wangu ameng'oka meno mawili sijayaona."

Basi nikajua, naye akajua kwamba najua. Wiki hizi zote ananilinda. Nami niliyemwita mwenye dharau kwenye ukurasa wa juu sina uso. Kila jioni nilimuuliza mtu ambaye heshima haimruhusu kumwambia mkwewe kwamba kazi yake ni mbovu, nikaandika jibu lake kama kipimo cha maabara. Shule yote ile, na sikuliona hilo.

Nikachemsha chai. Nikaandika kwenye taarifa: anasikia vizuri.

20 Aprili

Binti yangu kwenye simu: "Baba, umeshafunga begi?" Nikasema nimeshafunga. Nikaenda kulifunga ili isiwe uongo.

25 Aprili

Naandika mkono ukitetemeka, sasa ni zamu yangu.

Wageni walikuwa wawili, mama mmoja wa makamo mwenye miwani na bwana mmoja wa kuandika andika. Kabla hawajaingia, tulikaa na baba mkwe kwenye kijichumba cha kungojea. Alivaa suti. Kwa heshima ya siku hiyo alitaka betri mpya, akaitoa mfukoni, akageukia ukuta ili nisione, na mimi nikaona: akaiingiza, kisha ukucha, kisha kibandiko kikaanguka sakafuni. Akakivaa. Nikainuka nikichukue kifaa, nitoe betri na kuirudisha, kazi ya sekunde tu. Kidogo Tu akafungua mlango. "Karibuni, karibuni, wageni wamefika."

Tukaingia. Mzee akaketishwa mbele. Kidogo Tu akasimama usoni pake, akapanua mdomo kwa kila neno.

"Mzee wetu, unatusikiaje?"

"Nasikia vizuri kabisa."

"Tangu uvae, kumetokea shida yoyote?"

"Hakuna. Mwanangu huyu ni fundi wa kweli."

Alisema hivyo huku akinitazama mimi, si Kidogo Tu. Yule mama akatabasamu. Bwana akaandika. Watu wakapiga makofi, na mzee, alipoona mikono inapiga, naye akapiga. Kidogo Tu akaninong'oneza, "Wiki ijayo uko kwa mkeo."

Nilimwona mke wangu akilini, amesimama mlangoni kwake kabisa, Mungu shahidi yangu. Nikaona begi langu kitandani. Na katikati ya hayo nikaona birika, kitako chekundu, na mzee mwingine nisiyemjua, mahali nisipopajua, asiye na mkwe chumba cha pili, mgongo kwa moto, na kifaa chetu sikioni.

Nikatoka mahali pangu, nikaenda hadi nyuma ya kiti chake. Nikasema, kwa sauti ya kawaida ya mtu na mtu:

"Baba, kesho tunaondoka. Tunakwenda kwa mjukuu wako."

Hakugeuka. Bado alikuwa anatabasamu kwa wageni.

Nikasema kwa sauti kubwa zaidi. "Baba! Kesho tunakwenda kumwona mtoto!"

Yule bwana aliacha kuandika. Mzee aliona nyuso zao zimebadilika, akafuata macho yao yanakotazama, akageuka polepole na kunikuta nimesimama nyuma yake. Aliielewa hali yote mara moja. Ni mwalimu, amewakamata watoto wangapi kwa namna hiyo hiyo?

"Nasikia vizuri, mwanangu," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema kwa wale wageni, huku machozi yananitoka na sijali, kwamba kifaa hakijaamka, kwamba hakiamki betri ikipanda polepole, kwamba kosa si la vidole vyake, ni la saketi yetu, na kwamba hakifai kuuzwa. Dada Mikroni akainuka kutoka kiti chake cha nyuma akasema, "Ni kweli."

Mzee alivua kifaa, akakiweka mezani taratibu, akafunga kifungo cha koti, akatoka. Alirudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua.

26 Aprili

Wanunuzi hawakuvunja mkataba. Wamesema watangoja toleo jipya. Uhamisho wangu nao utangoja. Kidogo Tu aliniambia hivyo bila kuinua macho, na safari hii hakusema kidogo tu.

Mke wangu alipiga. "Umemuaibisha baba yangu mbele za watu."

"Ndiyo."

"Ulikuwa na hesabu zako, na mashine zako. Ilikuwa lazima umtumie yeye?"

"Hesabu nilishamwonyesha bosi. Alisema ni mzee mmoja tu."

Nilisikia huko kwao hakuna mvua. "Sijui nikulaumu au nikupongeze," akasema, "lakini leo acha nikulaumu." Nikamwambia ni haki yake.

30 Aprili

Baba mkwe hasemi nami. Ananiwekea chai, inakuwa ya moto, na anaondoka. Asubuhi hatukutani mlangoni tena, anangoja nitoke. Sikujua kama ningeikosa ile mizozo yetu ya tangulia wewe.

9 Mei

Kazi. Teke limerudi mahali pake, transista tatu, na baada ya saketi kuamka hukaa pembeni bila kuvuta umeme. Nafasi tumeipata kwenye kapasita: tumeipunguza, tukaweka rezista ndogo, kizuizi cha umeme, mbele yake, na utulivu haukupotea. Nimeipima kwenye kompyuta kwa joto, kwa baridi, kwa betri mpya na betri iliyochoka, umeme ukipanda haraka na ukipanda polepole kama konokono mgonjwa. Inaamka, na haipigi mluzi. Dada Mikroni alipata mikroni mbili za ziada, akataka kuzikumbatia.

Tumetuma michoro kiwandani. Chipu zitarudi msimu ujao wa mvua, kisha majaribio upya. Nimefungua begi, nikarudisha mashati kabatini.

17 Mei

Mvua zinapungua. Anga jeupe tu. Mzee bado kimya.

24 Mei

Barabara imefunguka, basi linaondoka kesho alfajiri. Mke wangu amesema baba yake aende, hakuna sababu ya watu wawili kufungwa kwa kosa la chipu moja. Ni kweli. Mzee alifunga sanduku lake mchana, akaliweka karibu na mlango. Nilimnunulia tiketi, nikaiweka mezani mbele yake, akaitazama bila kuigusa.

Jioni aliketi mezani. Hakuna mvua, hakuna upepo, nyumba kimya kabisa. Akatoa mfukoni kile kifaa cha zamani. Sikujua kwamba alikirudia maabara. Akatoa betri mpya. Mbele yangu, bila kugeukia ukuta, akaishika kwa mkia wa kibandiko, vidole vikitetemeka waziwazi, akaiingiza, akabandua kwa ukucha. Akakivaa. Akapiga kofi karibu na sikio. Akapiga tena. Nilisimama kando ya jiko, nyuma yake.

"Hakisikii," akasema. "Hiki kifaa chako ni kibovu."

Sijawahi kusifiwa kazini kwa namna iliyonifurahisha kama tusi hilo. Nikafungua mdomo kumjibu, lakini aliinua mkono bila kugeuka.

"Kibovu kabisa. Hivyo vipya vikija navyo, nani atakuambia kama ni vibovu? Wale wanne wanaobadilishiwa betri na fundi?" Akaisukuma tiketi upande wangu wa meza. "Kairudishe. Na siku nyingine ukiwa na la kuniambia, uje mbele yangu."

Nikazunguka meza. Nikavuta kiti, nikaketi mbele yake, uso kwa uso, nikasema polepole ili aione midomo yangu vizuri.

"Baba, mwaka huu hatuendi popote."

Alinitazama hadi nikamaliza.

"Hilo nimelisikia," akasema.